Nani Kanifanyia Hivi? Huduma za Maombezi Ufipa na Swali Lililozitangulia

Mhadhara wa wazi uliotolewa Sumbawanga mjini



Kila Mfipa aliyewahi kusoma bweni mbali na kwao, au kupanga chumba Dar es Salaam, anajua atakachoulizwa akitaja anakotoka. Ataulizwa habari za radi. Ataambiwa kwao mtu akikukasirikia anakutumia ngurumo mchana wa jua kali. Wenzetu husema hayo wakicheka. Sisi tukirudi nyumbani, hofu hiyohiyo tunaiishi bila kucheka: mtoto akishikwa degedege usiku, mahindi ya jirani yakizaa kuliko ya kwetu, kijana akirudi kutoka mjini na pikipiki kisha akaanguka nayo wiki hiyohiyo.

Nimekuja kuzungumzia kukua kwa huduma za maombezi katika nyanda zetu za Ufipa, kuanzia Laela na Mpui hadi Namanyere, kutoka Matai mpaka kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa. Msimamo wangu nautaja mapema. Wapo wanaosema huduma hizi zimeletwa na umaskini. Wapo wanaosema zimeletwa na Wamarekani, au na manabii wa Nigeria tunaowaona kwenye televisheni. Yote hayo yana sehemu yake. Lakini hapa kwetu zimestawi kwa sababu zimekubali kusikiliza swali ambalo watu wa Ufipa wamekuwa wakiliuliza kabla ya padre wa kwanza kufika: nani kanifanyia hivi? Na naamini huduma yoyote, kubwa au ndogo, ipimwe kwa jinsi inavyolijibu swali hilo.

Msinidai takwimu za waumini. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, kwa hiyo anayekuambia Walokole wa Rukwa ni asilimia fulani anakisia. Tunachojua ni kwamba sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa huu una watu zaidi ya milioni moja na nusu, na kwamba macho yetu yanatosha kuona mabango kando ya barabara na mabanda ya mabati yanayogeuka kuwa makanisa ya matofali ndani ya miaka michache.

Tuingie kwanza ndani ya ibada, kwa sababu wengi wanaozisema hawajawahi kukaa humo hata saa moja. Nimekaa. Viti ni vya plastiki, vimekodishwa. Kinanda kimefungwa kwenye spika mbili kubwa, na jenereta iko nje tayari endapo umeme utakatika. Waliojaa ni akina mama, wengi wao na watoto mgongoni. Sifa na kuabudu huchukua muda mrefu, na mtu anayedhani ni kupoteza wakati hajaona uso wa mama aliyelima tangu Jumatatu na sasa anaimba kwa sauti yake yote bila kuulizwa na mtu. Halafu neno. Halafu ndipo lile lililowaleta wengi: kuombewa. Mtumishi anapita katikati ya mistari, anaweka mkono kichwani, anakemea. Mmoja anatetemeka, anaanguka, wahudumu wanamdaka na kumfunika kitenge miguuni ili astirike. Sauti ngeni inatoka kinywani mwake. Inaulizwa: wewe ni nani, uliingilia wapi, umetumwa na nani?

Hilo swali la mwisho ndilo kiini cha mhadhara wangu, nanyi naomba mlishike. Nitalirudia baada ya kuwapitisha kwenye historia, kwa sababu si mara ya kwanza kuulizwa katika nchi hii.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Karema mwaka 1885 wakapokea ngome iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka huko walishuka kufuata ufuko wa ziwa, wakapanda nyanda zetu. Wale mapadre hawakuwa na haraka. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza mtu akae miaka minne katika mafundisho kabla ya kubatizwa, na aliyeanza safari alipewa medali avae shingoni. Miaka minne! Linganisheni na leo, ambapo mtu anaingia mkutano wa injili saa kumi jioni na kufikia saa mbili usiku ameokoka, amejazwa Roho na ameanza kunena kwa lugha. Simdharau wa leo. Nataka muone tofauti ya mwendo.

Na wale mapadre hawakuja na sala peke yake. Karema palikuwa na Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utotoni katika nchi za karibu na Timbuktu, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa tiba huko Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu na kufundisha dini katika nchi hii hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na daktari katika mwili mmoja, na kwa maoni yangu watu walimwamini hivyo kwa sababu hakuwagawa: mgonjwa aliyemjia alitibiwa na kuombewa na mtu yuleyule.

Mbali na Atiman, mambo yaligawanyika. Misheni ikawa kama ofisi yenye madirisha mawili. Mwili unaouma ulipelekwa dirisha la zahanati, dhambi ikapelekwa dirisha la kitubio. Lakini mtu wa Ufipa alikuwa na shida ya tatu: husuda, uchungu ndani ya ukoo, hofu kwamba kuna mkono wa mtu katika msiba wake. Kwa shida hiyo hapakuwa na dirisha. Padre alimwambia ni ushirikina, aache. Mganga wa zahanati alimpa vidonge vya malaria, navyo vilimponya homa, ila havikumwambia kwa nini homa ilimshika yeye na si jirani yake. Basi alihudhuria misa asubuhi, na usiku akaenda kwa mganga wa kienyeji. Tumeishi hivyo vizazi vingi, na kwa kuwa tuliona aibu, hatukusema.

Wale waliofungua dirisha la tatu walikuja kutoka kusini, tena mara nyingi. Katika miaka ya 1930 walikuja Wamchape, harakati iliyoanzia Nyasaland, Malawi ya leo. Walikuwa vijana, wamevaa kizungu. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliandika mwaka 1935 jinsi walivyofanya kazi kwa Wabemba, majirani zetu: kijiji kizima hupangwa mstari, mtafutaji anawatazama kwenye kioo kidogo, anayeonekana mchawi anatakiwa atoe pembe na hirizi zake, kisha wote wanakunywa dawa. Kufikia katikati ya miaka hiyo walikuwa wameshaingia Ufipa. Mwaka 1963 na 1964, nchi ikiwa imepata uhuru juzi tu, walirudi kwa jina la Kamchape. Mwingereza Roy Willis alikuwa akiishi huku kwetu wakati huo, akaona na kuandika. Kamchape waliingia vijijini wakichanja watu chale zenye dawa, wakichimbua pembe zilizofichwa, wakiwaaibisha wazee waliotuhumiwa. Willis aliona jambo ambalo wengi wetu tungelipita: kijiji kizima kilikuwa kinatamani kuanza upya, siku moja, kikiwa safi, bila kumshuku mtu. Hamu hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa nzuri. Gharama yake ilibebwa na wachache, nao mara nyingi walikuwa wazee.

Miaka ileile, ng'ambo ya mpaka huko Chinsali, Zambia ya leo, Alice Lenshina alikuwa ameshavuta maelfu. Mwaka 1953, mwanamke huyu wa kijiji cha Kasomo alisema alikufa, akakutana na Yesu, akarudishwa. Watu walitembea siku nyingi kumfuata, wakamkabidhi hirizi na pembe zao, wakatoka katika misheni za Kiprotestanti na za Kikatoliki pia. Kanisa lake la Lumpa lilikusanya uchawi kutoka mikononi mwa watu bila kutaka damu ya mtu. Kilicholiangamiza ni ugomvi na chama cha UNIP na serikali. Mwaka 1964 likapigwa marufuku na mamia ya watu wakauawa katika mapigano. Wale wanaodhani nguvu ya mwanamke mhubiri ni jambo la juzi, la mikutano ya Dar es Salaam, wamkumbuke Lenshina.

Kabla ya wote hao kulikuwa na Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Huyu naomba tumtazame bila kugeuza macho. Mwaka 1925 alizunguka Rhodesia ya Kaskazini na Katanga akihubiri kwa mafundisho aliyoyapata kwa watu wa Watch Tower, akibatiza kwa kuzamisha majini. Aliahidi kwamba ubatizo wake utamfichua mchawi: ambaye maji hayakumfunika mzima, huyo ndiye. Wale "waliofichuliwa" walishikiliwa chini ya maji hadi wakafa. Walikufa watu zaidi ya mia moja. Nyirenda alinyongwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926. Biblia ilikuwa mkononi, ubatizo ulikuwa wa maji mengi, nyimbo ziliimbwa, na wanakijiji wengi walishukuru.

Nimewaweka hawa pamoja kwa makusudi. Wote walijibu swali letu. Lenshina alijibu: leteni vyote, tusiulizane. Kamchape walijibu: ni huyu, mtoeni, mchanjeni, aishi. Mwana Lesa alijibu: ni huyu, afe. Huduma za leo zimerithi hadhira ileile, na kila Jumapili zinachagua mojawapo ya njia hizo, hata kama hazijui.

Upentekoste wenyewe ulituingia kwa njia ileile ya kusini. Tanzania Assemblies of God (TAG) ilianza nyanda za Mbeya mwishoni mwa miaka ya 1930, na mmisionari wake wa kwanza alitokea Nyasaland. Baadaye wakaja wahubiri wa hapahapa nchini, na mkubwa wao kwa maoni yangu ni Moses Kulola, aliyetoka TAG na kuanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania (EAGT) mwaka 1991, akahubiri viwanjani hadi alipofariki mwaka 2013. Kanda zake zilifika vijijini ambako yeye mwenyewe hakufika. Kwa upande wetu, kilichofungua mlango ni barabara. Wanaokumbuka safari ya Tunduma hadi hapa wakati wa masika, basi limelala kwenye tope usiku kucha, wanajua ninachosema. Lami ya Tunduma–Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani katika mpango ulioanza 2008. Ilikusudiwa kubeba mahindi. Imebeba pia spika, mahema ya mikutano na mitume. Redio ikafuata, kisha simu ya mkononi, na sasa mama wa kijiji cha Kate anaombewa kwa simu na mtu aliyeko Kimara, Dar es Salaam.

Wakatoliki wenzangu wasidhani haya yalikuwa ya kanisa jingine. Huko Lusaka, Askofu Mkuu Emmanuel Milingo alianza kuponya watu na kutoa pepo mwaka 1973, na mwaka 1982 Roma ikamwita asirudi tena kwenye jimbo lake. Hapa nchini, Padre Felician Nkwera wa Upangwa alianzisha huduma ya maombezi ya Bikira Maria iliyokuja kuwa na kituo Riverside, Ubungo. Mvutano wake na maaskofu ulipamba moto miaka ya 1990, na Askofu Mkuu wa Dar es Salaam wakati huo alikuwa mwana wa nyanda hizi, Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye. Wafuasi wa huduma hiyo, Wanamaombi, walinyimwa sakramenti. Sitaamua kesi ile hapa. Lakini nionavyo mimi, maaskofu walikuwa sahihi kuhofia mtu mmoja kushika funguo zote, na waumini walikuwa sahihi kudai kwamba hofu zao zipate mahali pa kuombewa. Karismatiki Katoliki, inayofanya maombi yake ndani ya parokia na chini ya paroko, imekuwa jibu la taratibu, na nafurahi kwamba ipo.

Kuna mema ambayo hakuna mtu mwaminifu atakayeyakana. Nimewajua wanaume walioacha pombe wakaanza kurudi nyumbani na fedha ya alizeti ikiwa nzima. Nimewajua wajane waliopata kikundi cha kuwapelekea kuni na unga walipougua, wakati ndugu zao wa damu wamekaa kimya. Nimewajua vijana waliojifunza kusimama mbele ya watu na kusema, jambo ambalo shule haikuwafundisha. Na mtu aliyeamini kuwa amefungwa, akaambiwa mbele ya mashahidi kwamba amefunguliwa, hulala usingizi. Usingizi huo ni tiba.

Kuna mabaya pia, na mengine mnayajua kwa sababu yaliandikwa magazetini. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao hospitalini wakaenda kusubiri foleni. Juu ya hili sina maneno mawili: mtumishi anayemwambia mgonjwa wa kifua kikuu au mwenye virusi vya Ukimwi aache dawa ili kuthibitisha imani yake anaua, na maombi yake hayampunguzii hatia.

Sasa narudi kwenye lile swali: umetumwa na nani?

Hapa kwetu, ninavyoona, kuna madhara yanayotokea bila mtu kukanyagwa na bila mwandishi wa habari kufika. Watumishi wengi wanajua kwamba Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Basi hawataji jina. Mtumishi anafumba macho, anasema: "Namuona mama. Ni mfupi. Si wa mbali, anakula kwenu. Nyumba yake iko upande jua linakozama." Basi. Hakusema jina, na polisi hawana la kumkamatia. Lakini yule dada aliyepiga magoti anafika nyumbani akiwa anajua, na ndugu zake wanajua, kwa sababu upande jua linakozama kuna nyumba moja tu, na anayekaa humo ni shangazi.

Nimeona kinachofuata katika ukoo mmoja ambao sitautaja. Hakuna aliyempiga yule shangazi. Walianza kwa kutopokea chakula chake. Wajukuu wakaambiwa wasimchotee maji. Akipita, mazungumzo yanakatika. Alipougua hakuna aliyempeleka hospitali ya mkoa hadi jirani asiye ndugu alipokodi bodaboda. Na huyo mama alikuwa ndiye aliyemlea yule dada miaka ya shule, akiuza maharage yake apate ada. Huko ibadani, dada alitoa ushuhuda kwamba tangu afunguliwe biashara yake imesimama. Watu walipiga makofi. Alikuwa mkweli, biashara kweli ilikuwa imesimama.

Waganga wa ramli chonganishi tunawalaani, na serikali imewapiga marufuku mara kadhaa, tena kwa haki, kwa sababu ya damu ya wenye ualbino na ya vikongwe iliyomwagika nchini mwetu. Lakini ramli inayofanywa kwa maikrofoni, na aya ya Biblia mbele na nyuma yake, tunaiita unabii. Mimi sioni tofauti yake, na siogopi kusema hivyo mbele ya wachungaji waliokaa hapa, maana naamini baadhi yenu mnalijua jambo hili kuliko mimi na limewanyima usingizi.

Msinielewe vibaya: sisemi watu wasiombewe dhidi ya uchawi. Mkimwambia Mfipa kwamba hofu yake ni upuuzi, mnarudia kosa lilelile la misheni, naye atatoka kwenu aende kwa atakayemsikiliza. Akemewe pepo, awekewe mikono, alie, aimbe mpaka usiku. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana: pepo lisihojiwe limetumwa na nani. Likemewe litoke. Injili zinamwonyesha Yesu akimuuliza pepo jina lake kule kwa Wagerasi, na mimi sijaona popote akimuuliza aliyemtuma.

Bondeni huko yupo mchungaji mmoja, mwenye kanisa la miti na mabati, ambaye alifikia uamuzi wake bila semina wala mfadhili. Mtu akija kuombewa akisema anarogwa na ndugu yake, mchungaji anamwombea palepale. Lakini anamwambia wiki ijayo aje na ndugu huyo, na akikataa kuja, mchungaji mwenyewe anamfuata nyumbani. Wanakaa watatu, wanazungumza. Mara nyingi kinachotoka ni shamba la urithi, au mahari iliyoliwa na mmoja, au maneno yaliyosemwa msibani miaka mingi iliyopita. Kisha wanakula ugali sahani moja, na mchungaji anakula nao. Aliniambia kazi hiyo inamchosha kuliko mkesha wowote, na kwamba baadhi ya waumini wake wamehamia huduma nyingine ambako unabii unatoka haraka. Kanisa lake limepungua viti, na utaratibu hajaubadilisha.

Ndugu wachungaji na mapadre mliopo, muda wa maswali umefika, na ningependa ninyi ndio mwanze. Semeni kama utaratibu wa yule mwenzenu unaweza kufanyika katika makanisa yenu, na kama hauwezi, mtueleze wazi ni nini kinachouzuia.